Ua la Tarehe Moja Julai

Nyuma ya chumba cha fotokopi, hapa Mtama,
nina meza yenye mguu mmoja wa tofali,
mkasi uliochoka, manila za rangi nne,
na gundi; ikiniishia napika uji mzito wa muhogo.

Maua nayakausha ndani ya leja ya zamani
ya chama cha msingi. Ni nzito, na madeni hubana vizuri.
Ukiifungua unakuta petali imelala
juu ya kilo mia mbili na sitini
za mtu aliyekufa akisubiri malipo ya pili.

Kalenda yangu sikuinunua dukani.
Februari ni yungiyungi: miguu iko topeni, na halisemi.
Aprili ni ufuta, kikengele cheupe chenye haya ya zambarau;
wa mwezi huo siri haiwakai, wakikauka hupasuka.
Juni ni mbaazi. Hao wakikosa husingizia jua,
nami nawaandikia hivyo hivyo, wananunua wakicheka.
Oktoba sina kitu.
Watoto wa Oktoba nawabandikia jani,
nawaambia jani ni ua lililopata kazi.

Lakini Julai ndiyo inayonilisha.
Julai ni ua la mkorosho, dogo kama punje ya mchele,
lina mistari ya waridi, na ukilinusa,
chini ya utamu unakutana na salfa.
Maana yake nimeandika: ahadi yenye masharti.
Nauza Julai kuliko miezi yote,
kwa sababu nusu ya wazee wa kata hii
walizaliwa tarehe moja Julai.

Akaja Chilumba, fundi baiskeli, mikono ya grisi.
"Ya bibi yangu, Somoe. Tarehe moja Julai."
Nikabandika kishada kizima,
nikafunga uzi wa mfuko wa saruji.
Elfu moja na mia tano. Akalipa elfu.

Kesho yake bibi mwenyewe akafika kwa miguu,
kadi kaishika kwa ncha za vidole
kama barua ya jirani iliyofunguliwa kwa bahati mbaya.
"Ua zuri, mwanangu. Si langu."

Nikasema, kitambulisho kinasema.

"Kinasema kwa sababu karani alikuwa na njaa.
Aliniuliza mwezi. Nikamwambia:
mama alinizaa shambani, ufuta ukimfika kiunoni,
nyuki wamejaa, akaogopa kulia
wasije wakamwingia mdomoni.
Karani akasema, Bibi, hakuna mwezi unaoitwa Nyuki.
Akaandika anaoujua yeye."

Nje, mizani ya ghala ilikuwa inapima ufuta wa mwaka huu,
uliokwisha maua, uliokwisha shina, umebaki gunia.
Hakuna kikengele hata kimoja kutoka hapa hadi Nyangao.
Nikamwambia, subiri Aprili.
Akanitazama kama unavyomtazama mtu
anayekukopesha kitu kisicho chake.

Basi nikachukua manila nyeupe,
nikachora shina kwa penseli, nikachora majani,
na pale panapokaa maua
nikatoboa kwa sindano, tundu sita.

"Hayo ndiyo maua?"
Ni mahali pake, Bibi.

Akainua kadi mlangoni. Jua likapita,
vidoa sita vikamkaa kwenye kanga, kifuani.
Kisha akaweka jicho kwenye tundu moja.
"Mbona namwona Chilumba anaziba pancha?"
Tulicheka mpaka mwenye fotokopi akaja kuuliza.

"Haya. Na maana yake?"
Kalamu ilikuwa mkononi, kichwa kitupu.
Yeye ndiye aliyenitajia, polepole, akingoja niandike:
*Mama alinyamaza. Nikalia mimi.*

Alipoondoka aliniachia kadi ya mkorosho.
"Mpelekee karani. Huenda ndiye aliyezaliwa Julai."

Bado iko kwenye leja, ukurasa wa madeni.
Karani alihamishwa, sijui wapi.
Chilumba hajanilipa ile mia tano.